Kitanzi na maambukizi ya nyonga: Hofu ya wanawake wa Busia na Tororo ina msingi gani?

Katika vituo vya afya vya Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, mwanamke anayetaka kupanga uzazi kwa muda mrefu huelezwa kuhusu njia kadhaa. Mojawapo ni kitanzi, ambacho wengine hukiita koili au lupu: kifaa kidogo chenye umbo la herufi T, kilichozungushiwa waya wa shaba, kinachowekwa ndani ya mji wa mimba na kuzuia mimba kwa miaka 10 au zaidi. Hakina homoni, hakihitaji kukumbukwa kila siku, na uwezo wake wa kuzuia mimba unazidi asilimia 99.

Hata hivyo, wanaokichagua ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wanawake walioolewa walitumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi, lakini waliotumia kitanzi walikuwa takriban watatu tu katika kila 100. Nchini Uganda, utafiti kama huo wa mwaka 2016 ulikuta kuwa hawakufika wawili katika kila 100. Sindano na vipandikizi vya mkononi vilikuwa mbele kwa mbali katika nchi zote mbili.

Miongoni mwa sababu zinazosikika mara kwa mara ni kwamba kitanzi huleta maambukizi ya nyonga na hatimaye utasa. Wahudumu wa afya wamezoea kuliita dai hilo uvumi. Lakini ushahidi wa kitabibu na historia ya eneo hilo la mpakani vinaonyesha jambo tata zaidi. Hofu hiyo haikuzuka hewani, ingawa mara nyingi huelekezwa mahali pasipo pake.

Siku 20 za kwanza

Maambukizi ya nyonga hutokea pale bakteria wanapopanda kutoka ukeni na kwenye mlango wa kizazi hadi katika mji wa mimba, mirija ya uzazi na ovari. Yasipotibiwa mapema huacha makovu ndani ya mirija. Makovu hayo yanaweza kuleta utasa, maumivu ya kudumu ya tumbo la chini, au mimba kutunga nje ya mji wa mimba, hali inayoweza kuua. Bakteria wa klamidia na kisonono ni miongoni mwa visababishi vikuu.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kitanzi chenyewe, kwa kukaa tu ndani ya mwili, hukaribisha maambukizi hayo. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliochapishwa mwaka 1992 katika jarida la kitabibu la The Lancet, ulibadilisha mtazamo huo. Watafiti walichunguza taarifa za vitanzi 22,908 vilivyowekwa katika nchi mbalimbali duniani. Kwa jumla, maambukizi ya nyonga yalikuwa machache: visa 1.6 kwa kila wanawake 1,000 kwa mwaka.

Jambo lililovuta macho zaidi lilikuwa wakati. Katika siku 20 za kwanza baada ya kitanzi kuwekwa, kasi ya maambukizi ilikuwa zaidi ya mara sita ya ile iliyoonekana baadaye. Baada ya siku hizo ilishuka na kubaki chini kwa miaka iliyofuata.

Maana yake ni kwamba hatari inatokana zaidi na tendo la kukiweka. Kifaa kinapopitishwa kwenye mlango wa kizazi huweza kuwabeba bakteria waliokuwa hapo na kuwaingiza ndani zaidi. Kama mlango wa kizazi hauna maambukizi na vifaa vilivyotumika ni safi, hatari ni ndogo mno. Kama tayari mwanamke ana klamidia au kisonono bila kujua, hatari inaongezeka.

Uchambuzi huo ulikuwa na tokeo jingine ambalo halitajwi sana. Viwango vya maambukizi vilitofautiana kutoka eneo moja hadi jingine, na vilikuwa vya juu zaidi barani Afrika.  Mazingira ambamo vitanzi viliwekwa nayo yalitofautiana.

Jeraha la zamani la Teso

Wakazi wa Busia na Tororo hawakuhitaji jarida la kitabibu kujua kwamba maambukizi yanaweza kumaliza uzazi. Waiteso wanaishi pande zote mbili za mpaka: katika wilaya ya Tororo nchini Uganda, na katika maeneo ya Teso Kaskazini na Teso Kusini ya kaunti ya Busia nchini Kenya. Jamaa zao wa kaskazini zaidi, katika wilaya ya Teso ya Uganda, walikuwa kiini cha mojawapo ya tafiti za mapema kuhusu kisonono vijijini Afrika Mashariki.

Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1973 katika jarida la WHO, uliilinganisha Teso, ambako kiwango cha uzazi kilikuwa cha chini, na Ankole, magharibi mwa Uganda, ambako watoto walizaliwa kwa wingi. Kisonono kilipatikana zaidi Teso. Hitimisho lilikuwa kwamba maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa yalikuwa na mchango katika pengo hilo la uzazi.

Mantiki ya ugunduzi huo ina uzito hadi leo. Mirija ya uzazi iliziba kwa sababu ya maambukizi, katika vijiji ambavyo hapakuwa na kitanzi cha kulaumiwa. Katika jamii ambako heshima ya mwanamke aliyeolewa hupimwa kwa watoto, na ambako kukosa mtoto kunaweza kumrudisha kwao, kumbukumbu ya aina hiyo haifutiki haraka.

Kifaa kilichochafua jina la vingine

Katika miaka hiyohiyo ya 1970, kifaa kimoja kilitia doa jina la vitanzi vyote duniani. Dalkon Shield kiliingia sokoni Marekani mwaka 1971 kikiuzwa na kampuni ya A.H. Robins. Uzi wake haukuwa mmoja, bali ulikuwa kifungu cha nyuzi nyingi nyembamba zilizofungwa ndani ya ala. Bakteria waliweza kupanda kwenye nyuzi hizo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa.

Wanawake waliugua, wengine wakapoteza uwezo wa kuzaa, na baadhi waliopata mimba kifaa kikiwa ndani walifariki kwa maambukizi. Uuzaji wake nchini Marekani ulisimamishwa mwaka 1974. Kampuni hiyo iliandamwa na madai ya maelfu kwa maelfu ya wanawake, na mwaka 1985 ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika.

Kabla ya hapo, kifaa hicho kilikuwa kimevuka bahari. Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilikisambaza katika nchi zaidi ya 40 zinazoendelea, na sehemu ya shehena hiyo ilisafirishwa bila kutakaswa viini. Wahudumu wa huko ndio walioachiwa kazi ya kukitakasa. Vilivyosalia viliagizwa kurudishwa mwaka 1975.

Vitanzi vya shaba vinavyotumika sasa Kenya na Uganda si vya aina hiyo. Uzi wake ni mwembamba na laini, usio na mwanya wa kupitisha bakteria, na kila kifaa hufika kikiwa kimetakaswa ndani ya kifuko chake. Lakini wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nairobi yatafuta majibu

Baadhi ya majibu ya kisayansi kuhusu usalama wa kitanzi penye maambukizi mengi yalipatikana Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1990 watafiti wa Nairobi, wakiongozwa na Samuel Sinei, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 1,813 waliowekewa kitanzi. Nusu walipewa dozi ya doxycycline wakati wa kuwekewa, na nusu wakapewa dawa isiyo na kiambato. Maambukizi ya nyonga yaliwapata asilimia 1.3 ya waliopewa dawa na asilimia 1.9 ya wasiopewa. Tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa kitakwimu.

Viwango hivyo vina pande mbili. Vinaonyesha kuwa hata katika jiji lenye maambukizi mengi ya zinaa, wanawake zaidi ya 98 katika kila 100 hawakupata tatizo hilo. Pia vinaonyesha kuwa mmoja au wawili kati ya 100 walilipata, na kwa mtu huyo mmoja takwimu si faraja.

Mwaka 1998 timu ya Nairobi ilichapisha utafiti mwingine, safari hii kuhusu wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kati ya wanawake 649 waliofuatiliwa kwa miezi minne, matatizo ya jumla yaliwapata asilimia 7.6 ya wenye VVU na asilimia 7.9 ya wasio na VVU. Maambukizi ya nyonga yalikuwa machache katika makundi yote mawili, ingawa yalijitokeza zaidi kwa wenye VVU: asilimia 1.4 kwa 0.2. Kwa misingi ya aina hiyo, WHO inakubali kitanzi kwa wanawake wenye VVU ambao hali yao ya afya ni nzuri.

Mwongozo wa WHO una katazo moja lililo wazi. Mwanamke mwenye maambukizi ya nyonga, usaha kwenye mlango wa kizazi, klamidia au kisonono kwa wakati huo asiwekewe kitanzi hadi atibiwe. Swali linalobaki kwa muuguzi wa Busia au Tororo ni jinsi ya kumtambua mwanamke huyo.

Ugonjwa usiobisha hodi

Klamidia mara nyingi haina dalili kwa wanawake. Hakuna maumivu, hakuna homa, wala uchafu wa kutia shaka. Vituo vingi vya afya vya umma katika nchi zote mbili hutegemea utaratibu wa kutibu kwa kuangalia dalili, kwa kuwa vipimo vya maabara vya klamidia ni ghali na havipatikani kwa urahisi. Utaratibu huo humsaidia mgonjwa anayelalamika. Asiyelalamika hupita.

Njia nyingine ni kuuliza maswali: je, mwanamke ana mwenzi zaidi ya mmoja, mume wake ana wengine, aliwahi kutibiwa maambukizi ya zinaa miezi ya karibuni? Orodha za maswali kama hayo hutumika sana, lakini utafiti mwingine wa Nairobi, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa hazitenganishi vyema wenye maambukizi na wasio nayo. Mke mwaminifu wa dereva wa lori anaweza kujibu kila swali kwa ukweli na bado akawa ameambukizwa.

Mfano huo una uzito wa pekee katika eneo hili. Malaba na Busia ndiyo milango mikuu ya mizigo kati ya bandari ya Mombasa na Kampala. Malori, wafanyabiashara, wabadilishaji fedha na wasafiri hupita hapo usiku na mchana. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta, kilikusudiwa kurahisisha mwendo huo. Watu wanapopita kwa wepesi, maambukizi nayo husafiri.

Picha ya karibu inatoka Kisumu, jiji la ukanda uleule wa Ziwa Viktoria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The New England Journal of Medicine uliwahusisha wanawake vijana 449 waliokuwa wakitumia dawa za kujikinga na VVU. Walipopimwa mwanzoni, takriban 14 katika kila 100 walikuwa na klamidia. Hao ni wanawake walio katika hatari kubwa kuliko wengine, na idadi hiyo haiwezi kubebwa nzima hadi Busia au Tororo. Inaonyesha tu kwamba kipimo kikifanyika, kinachofichika huonekana.

Gharama ya kukataa

Kwa kutazama hayo, mhudumu mwoga anaweza kuamua kwamba usalama ni kutomwekea mtu yeyote kitanzi. Uamuzi huo nao una gharama, na Tororo ina ushahidi wake.

Kuanzia mwaka 2003, mradi mmoja wa Tororo na Busia ya Uganda uliwapelekea watu wanaoishi na VVU dawa zao hadi nyumbani. Watafiti waliwafuatilia wanawake 711 kwa zaidi ya miaka miwili kwa wastani. Wakati wote huo, chini ya asilimia 7 walisema wanataka mtoto mwingine. Hata hivyo, asilimia 17 walipata mimba. Afya ilirejea, maisha ya ndoa yakarejea, lakini njia ya kuaminika ya kupanga uzazi haikuwafikia kwa kasi hiyo.

Mimba isiyotarajiwa si jambo dogo katika nchi ambazo sheria zinabana utoaji mimba. Baadhi ya mimba hizo huishia katika mikono isiyo na ujuzi, na utoaji mimba usio salama ni njia mojawapo ya kupata maambukizi makali ya nyonga. Kwa maneno mengine, mwanamke aliyenyimwa kitanzi kwa kuhofia maambukizi anaweza kuyapata kwa mlango mwingine.

WHO imejaribu kuziba pengo hilo. Miongozo yake haipendekezi dawa za kuua bakteria kwa kila anayewekewa kitanzi, lakini inaruhusu zifikiriwe mahali ambapo klamidia na kisonono ni vingi na vipimo ni haba. Maelezo hayo yanaweza kulihusu eneo lolote la mpakani lenye pilika za malori.

Mpaka mmoja, kadi mbili

Kama hatari kubwa iko katika siku 20 za kwanza, basi ufuatiliaji wa siku hizo ndio ulinzi wa mwanamke. Anapaswa kuambiwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiteso, Kisamia, Kidhopadhola au Kiswahili, kwamba akipata maumivu makali ya tumbo la chini, homa, au majimaji yenye harufu mbaya, arudi mara moja. Anapaswa pia kujua kwamba kurudi hakumaanishi lazima kuondolewa kitanzi. Kwa mujibu wa WHO, maambukizi yanaweza kutibiwa kifaa kikiwa mahali pake, na kuondolewa kama dawa hazileti nafuu.

Hapo ndipo mpaka unapoingia. Wasamia, Waiteso na jamii nyingine za eneo hilo wana mashamba, masoko na ndugu pande zote mbili. Mwanamke anaweza kuwekewa kitanzi Kenya siku ya soko na kuugua akiwa nyumbani Uganda wiki mbili baadaye. Huko atakutana na mhudumu wa wizara nyingine, anayetumia daftari jingine. Asipotaja kitanzi, kwa kusahau au kwa kuwa mumewe hajui, maumivu yake yanaweza kutibiwa kama malaria, katika eneo ambalo malaria ni ya kawaida mno. Siku za kuokoa mirija ya uzazi hupotea hivyo.

Bidhaa za lori sasa hukaguliwa mara moja kwa nchi zote mbili. Kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuwekewa kitanzi na jina la kituo, inayotambuliwa Busia zote mbili, Malaba na Tororo, ingekuwa jambo rahisi kuliko hilo.

Fedha zinapokauka

Mjadala huu umepata uharaka mpya tangu Januari 2025, pale serikali ya Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imeacha kufanya kazi kama shirika la misaada. Mwezi huohuo Washington ilithibitisha mpango wa kuteketeza dawa na vifaa vya kupanga uzazi vyenye thamani ya takriban dola milioni 9.7, vikiwemo vitanzi, vilivyokuwa vimehifadhiwa ghalani nchini Ubelgiji na sehemu kubwa yake ikikusudiwa Afrika.

Historia ina kinaya chake. Shirika ambalo nusu karne iliyopita lilisambaza kitanzi kibovu lilikuja kuwa miongoni mwa wasambazaji wakuu wa kitanzi salama, na likaondoka wakati ushahidi wa usalama huo ukiwa umekamilika.

Kupungua kwa fedha hakugusi kitanzi pekee. Glavu, vitakasa, vipimo vya zinaa, dawa, na mafunzo ya wauguzi vilitegemea kwa kiasi kikubwa mifuko hiyohiyo. Kitanzi kinaweza kuendelea kupatikana, lakini kikiwekwa na mkono uliokosa mafunzo, kwa vifaa visivyotakaswa, kwa mwanamke asiyepimwa, kinarudi kuwa kile ambacho mabibi wa Teso na Samia walikiogopa.

Ndiyo maana kuiita hofu hiyo uvumi hakusaidii. Mwanamke anayeuliza kama kitanzi kitamharibia kizazi anastahili jibu kamili: kwamba kifaa chenyewe ni salama, kwamba maambukizi aliyonayo bila kujua ndiyo hatari, kwamba wiki tatu za kwanza ndizo za kuangaliwa, na kwamba ana haki ya kupimwa na kutibiwa kabla. Jibu hilo halitakuwa na uzito wowote mezani kwa muuguzi kama nyuma yake hakuna kipimo, hakuna dawa, na hakuna mtu wa kumpokea atakaporudi. Kuvihakikisha hivyo sasa ni kazi ya bajeti za Nairobi na Kampala, na za Busia na Tororo zenyewe.